Ugonjwa wa Siku Ile

Theodory alikwenda kwa Mzee Alphonce Jumapili moja baada ya misa, akiwa bado amevaa shati lake jeupe la kanisani. Aliamkia, akaitikiwa, na kabla hata hajakaa vizuri akasema amekuja kuulizia pikipiki.

"Pikipiki ipi?" Alphonce aliuliza, ingawa pale kwake ilikuwepo moja tu.

"Ile ya stoo, mzee. Kama huitumii, nataka uniuzie."

Alphonce alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba akipukuchua mahindi ya mbegu. Aliendelea kupukuchua. Kijiji chao kiko upande wa Kate, mbali na mji wa Sumbawanga, kwenye vilima vya nyasi ambako upepo wa Septemba haupati mti wa kuuzuia, na siku ile ulikuwa ukiyasukuma maganda mpaka miguuni mwa mgeni.

Theodory alieleza shida yake bila haraka. Hospitali ya wilaya walikuwa wameanzisha mazoezi ya viungo kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Coleta, binti yake, alikuwa anakaribia miaka minane na mpaka sasa hajaweza kukaa bila kuegemezwa. Mtaalamu aliyempima alisema akihudhuria mara mbili kwa wiki bila kukosa, shingo na mgongo vitapata nguvu, na siku moja anaweza kukaa mwenyewe. Kukodi bodaboda kila mara, kwenda na kurudi, kulikuwa kumewashinda mwezi wa kwanza tu.

"Pikipiki mpya siiwezi," Theodory alisema. "Hiyo yako nitaitengeneza mwenyewe. Najua ina ugonjwa wake, nakumbuka. Lakini ugonjwa ukishajulikana unatibika."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga ya pale kijijini, na injini ilikuwa haimtishi. Ila neno lile, nakumbuka, lilimfanya Alphonce aangushe gunzi.

Naye alikuwa anakumbuka.

Ilikuwa Februari, mwaka aliozaliwa Coleta. Wakati huo Alphonce alikuwa mnunuzi wa maharage, na pikipiki yake, ya Kijapani, ya zamani lakini imara kama ng'ombe, ilijulikana kila kijiji cha upande ule. Siku hiyo alitoka nayo Sumbawanga asubuhi, akanyeshewa njia nzima, akafika kwake saa tisa mchana meno yakigongana. Kristiana, mkewe, alimpa nguo kavu, akamsogezea kigoda karibu na moto, akaanza kukoroga uji wa ulezi. Uji haujachemka, Theodory akasimama mlangoni, kofia ikichuruzika maji. Luciana alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake. Mkunga wa jirani alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe kituo cha afya sasa hivi.

Alphonce aliutazama moto.

"Pikipiki haina nguvu, kijana wangu," alisema. "Imenisumbua tangu mjini. Vilima vyote vimeishinda, nimeisukuma. Nikiwabeba nitawaacha njiani kwenye mvua."

Hapakuwa na neno la kweli hata moja. Pikipiki ilikuwa nje chini ya upenu, injini yake bado ina joto. Uongo ulimtoka kirahisi kama mtu anavyojibu salamu. Alikuwa amefikiria tope, na baridi, na kuzivaa tena zile nguo zilizolowa. Alijiambia kwamba uzazi wa kwanza huchukua muda mrefu, na kwamba watapata mtu mwingine.

"Haya, mzee," Theodory alisema. "Pole kwa safari."

Alimpa pole, akaondoka.

Hawakupata mtu mwingine. Walimpakia Luciana kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mkokoteni ukakwama mtoni, na walipofika kituoni giza lilikuwa limeingia. Coleta alizaliwa bila kulia. Manesi walihangaika naye mpaka akapata pumzi, lakini alikuwa amekaa muda mrefu bila hewa. Kama wangefika mapema ingekuwaje, hakuna aliyeweza kusema. Nesi mmoja alisema pengine. Mwingine alisema mambo haya hutokea hata kwenye hospitali kubwa. Alphonce aliyasikia yote mawili kwa watu, na lililobaki naye ni lile la kwanza.

Siku ya pili yake hakuweza kuonekana akiendesha pikipiki isiyo na nguvu. Akaikokota mpaka stoo, akaifunika turubai, akijiambia ni kwa wiki moja tu. Wiki ikapita, habari za mtoto zikaenea, na kila alipoingia stoo kuchukua mahindi alipita upande wa pili wa lile turubai. Watu walisema pikipiki ya mzee imekufa. Aliwaacha waseme. Akaacha biashara ya maharage, akawa anakwenda shughuli zake kwa baiskeli. Mara moja aliungama kanisani, akasema, "Nimesema uongo," bila kueleza uongo upi. Padri alimpa sala za toba, akazisali zote, na hazikumsaidia kitu.

Sasa Theodory alikuwa amekaa mbele yake akisubiri jibu. Alphonce alitaka kumwambia aichukue bure. Lakini mtu hampi mwenzake pikipiki bure bila kuulizwa sababu, na sababu alikuwa nayo moja tu. Wakakubaliana magunia ya maharage, yatolewe baada ya mavuno. Wakapeana mikono.

Waliitoa stoo siku iliyofuata. Ilitoka na vumbi la mahindi mpaka kwenye taa, matairi yamelala, cheni imekuwa nyekundu kwa kutu. Theodory aliizunguka akiipapasa kama anayekagua ng'ombe mnadani, na usoni alikuwa na furaha ambayo Alphonce alishindwa kuitazama.

Walianza na mafuta. Petroli iliyokuwa ndani ya tangi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi na kutoa harufu ya vanishi. Waliimwaga, wakatia changarawe na petroli kidogo, wakalitikisa tangi huku na huku mpaka kutu ikatoka. Theodory alifungua kabureta juu ya gunia safi na kuzibua vitundu vyake kwa uzi mmoja aliouchomoa kwenye waya wa freni. Kwenye chujio la hewa walikuta kiota cha panya, wakakitupa na kuweka chujio jipya. Walibadilisha plagi, oili, mipira ya matairi. Freni ya nyuma ilikuwa imeng'ang'ania gurudumu, wakaipiga msasa ikaachia. Kazi hiyo iliwachukua jioni kadhaa, kwa kuwa mchana Theodory alikuwa mashineni.

Jioni ya mwisho Theodory alipiga kiki mpaka jasho likamtoka, na ghafla pikipiki ikakohoa, ikatoa moshi mzito wa bluu, ikanguruma. Kristiana alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Mngurumo ulitulia, ukawa sawa. Theodory alimtazama Alphonce akicheka.

"Imekubali, mzee."

Aliipanda, akashuka nayo mpaka barabarani. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Kisha akaielekeza kwenye kilima cha kanisani, na hata wakiwa mbali waliisikia ikichoka. Alipovuta mafuta, mlio haukupanda. Ulizidi kuwa mzito, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi, mpaka pikipiki ikasimama katikati ya kilima. Theodory alirudi akiisukuma.

Hakuwa amekata tamaa. Aliiegesha, akachuchumaa, akafuta mikono.

"Sasa tumefika kwenye wenyewe," alisema. "Ule ugonjwa wa siku ile. Ndio huu, mzee, si ndio?"

Alphonce aliinama kuokota plagi ya zamani.

"Ulisema vilima viliishinda," Theodory alimkumbusha. "Nakumbuka maneno yako. Ulisema uliisukuma. Niambie vizuri sasa, ilianzaje? Ilikuwa inakatika ghafla, au inachoka polepole?"

"Inachoka," Alphonce alisema.

"Ilikuwa inatoa moshi?"

"Kidogo."

"Wa bluu au mweusi?"

Alphonce aliikodolea macho ardhi. Kichwani mwake aliiona pikipiki ile ikipanda kilima kimoja baada ya kingine katika mvua, haina moshi, haina kosa, maji yakitimka pembeni ya matairi.

"Bluu," alisema.

Theodory aliitikia kwa kichwa kama daktari aliyepata alichokitafuta. Alifungua plagi, akaweka dole gumba kwenye tundu, akamwomba Alphonce asukume kiki kwa mkono. Alisikiliza upepo kwenye kidole chake.

"Upepo ni mdogo," alisema. "Moshi wa bluu, kuchoka mlimani, upepo mdogo. Ni ringi, mzee. Ringi, pistoni, labda na silinda imekwanguka. Ilikuwa inaanza siku ile, na kulala kumeimalizia."

Alphonce alisema labda ni klachi. Theodory akaikagua klachi, ikawa nzima. Alphonce akasema labda ni mafuta ya siku hizi. Theodory akacheka kwa upole.

"Usijisumbue, mzee. Nimeshaelewa. Jumamosi ni mnada. Nitampeleka maksai mmoja, nikanunue silinda nzima Sumbawanga. Nikiibadilisha yote itakuwa kama mpya."

"Maksai wako wa kulimia?"

"Mmoja. Nitalima kwa kuazima."

Alphonce alijua maana yake. Mvua zilikuwa zinakuja, na mwenye maksai mmoja husubiri wenzake wamalize mashamba yao ndipo apate wa kumfunga naye. Hupanda mwisho, na mwisho wa msimu huvuna kama aliyepanda mwisho. Mtu huyu alikuwa anakwenda kuuza nguvu ya shamba lake ili atibu ugonjwa ambao haujawahi kuwepo.

Usiku huo Alphonce hakula. Kristiana aliondoa sahani ikiwa vilevile, akarudi, akakaa mkabala naye. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi na kuhusu siku ile hawakuwa wamesemezana hata mara moja.

"Theodory anauza maksai," Alphonce alisema.

"Nimesikia. Nilikuwa hapo jikoni."

Akajifunga upya khanga yake. "Hata siku ile nilikuwa hapo. Nilikuona unafika juu ya pikipiki, nikaiona nzima. Nikasikia unavyomjibu. Nilikoroga uji nikanyamaza. Nilifikiri, mume wangu amechoka. Halafu nikakuwekea uji, ukanywa."

"Sikuwa najua yatakayotokea."

"Wala mimi. Lakini huyo maksai tunajua."

Ijumaa mchana Alphonce alitembea mpaka mashineni. Kibanda cha mashine ya kusaga kilikuwa kimejaa vumbi jeupe na kelele, na kina mama walikuwa wamepanga ndoo zao za mahindi kwenye foleni. Theodory alimwona, akamwinulia mkono, nyusi zake zimekuwa nyeupe kama za mzee. Alphonce alisimama kando. Alijua kwamba akisubiri mpaka wote waishe atageuza njia na kurudi nyumbani. Basi alimsogelea, akainama sikioni mwake, akasema.

Theodory alitingisha kichwa akionyesha sikio. Hakusikia.

Alphonce alirudia kwa sauti zaidi. Theodory akaweka kiganja nyuma ya sikio. Mama mmoja wa mbele kwenye foleni aliwatazama. Theodory alipandisha mkono kuwaomba radhi wateja, akazima mashine, na mkanda ukazunguka polepole mpaka ukasimama. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa.

"Unasemaje, mzee?"

"Tutoke nje," Alphonce alisema.

Walisimama nyuma ya kibanda, kwenye lundo la pumba. Alphonce alikuwa ametunga maneno njiani, marefu, yenye maelezo. Yote yalipotea.

"Usiuze maksai," alisema. "Pikipiki haikuwa na ugonjwa. Siku ile ulipokuja, ilikuwa nzima."

Theodory alimtazama kama anayesubiri sentensi iendelee.

"Nzima vipi?"

"Nzima. Nilikudanganya."

Theodory alipangusa vumbi usoni kwa kiganja, taratibu. Alipoanza kuuliza, aliuliza kwa sauti ileile aliyotumia alipokuwa amechuchumaa pembeni ya injini.

"Mafuta yalikuwemo?"

"Yalikuwemo."

"Matairi?"

"Mazima."

"Vilima uliisukuma?"

"Sikuisukuma. Vyote ilipanda."

"Moshi wa bluu?"

"Hapakuwa na moshi."

"Basi ilikuwa nini?"

Alphonce alijaribu kutafuta jibu kubwa kuliko lile alilokuwa nalo. Kama wangekuwa na ugomvi, kama angekuwa mgonjwa, kama angekuwa na hofu ya ule mto, angekuwa na kitu cha kumwekea mwenzake mkononi.

"Nilikuwa nimechoka," alisema. "Nilinyeshewa. Nilikuwa nimeshabadili nguo."

Theodory alirudia neno lile la mwisho kwa sauti ya chini, nguo. Kisha aligeuka akatazama barabara. Kutoka kibandani mama mmoja aliuliza kama mashine imeharibika.

"Mama Coleta alikuwa anakulaumu," Theodory alisema. "Mwaka ule wa kwanza. Alisema mzee yule angeweza kujaribu hata kama inasumbua. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia tusimlaumu mtu, chombo kikiharibika kimeharibika. Nikamwambia mzee wa watu tangu siku ile hata kuigusa pikipiki hawezi, ameumia kama sisi."

"Baba Coleta, naomba..."

"Usiniombe kitu sasa hivi."

Aliingia kibandani. Alphonce alisikia mpini wa mashine ukizungushwa, injini ikawaka, foleni ikasogea. Alisimama pale kwenye pumba kwa muda, kisha akaona hakuna anayemsubiri, akaondoka.

Maksai hakwenda mnadani. Pikipiki ilibaki uani kwa Alphonce, na Theodory hakutokea Jumamosi wala Jumapili. Kwenye jumuiya yao ya kanisa, walipokutana kusali rozari, nafasi yake na ya mkewe zilikuwa tupu, na mwenyekiti akauliza kama kuna anayejua wana tatizo gani. Alphonce alikuwa ameshika rozari yake. Alisema hajui, kisha akajisikia alivyosema, akavuta pumzi akasema, "Najua. Nimewakosea mimi." Hakuna aliyemuuliza zaidi, lakini walipotoka hakuna aliyetembea naye njia moja isipokuwa Kristiana.

Jumatatu asubuhi alichukua spana akakaa mbele ya pikipiki peke yake. Kwa mara ya kwanza aliweza kufikiri juu yake bila kulinda kitu. Iliingia stoo ikiwa nzima. Upepo mdogo aliousikia Theodory ungeweza kuwa wa ringi zilizoganda kwa kulala tu, na injini ikizunguka siku mbili tatu zingeachia. Lakini kilichokuwa kinaibana mlimani kiliingia baadaye, na kwenye stoo ya mahindi wanaoingia ni panya. Walikuwa wamejenga upande wa hewa inayoingia. Upande inapotokea, yeye na Theodory hawakuwa wameangalia, maana moshi ulikuwa unatoka, na maana yeye alikuwa amemwelekeza mwenzake kwenye ringi kwa moshi wa bluu wa kutunga.

Nati za ekzosi zilikuwa zimeshikana na kutu. Alizimwagia mafuta, akasubiri, akazigonga, akavunja moja, akakatwa kidole. Bomba la moshi lilipotoka alilisimamisha wima na kuligonga chini. Kilianguka kipande cheusi. Aliingiza waya mnene, akavuta, na maganda ya mahindi yakaanza kutoka, yameshikamana na mkojo wa panya mpaka yamekuwa kama tofali, upande mmoja yameungua. Alivuta mpaka akaona mwanga upande wa pili.

Kilima cha kanisani alikipanda mchana ule bila kupumzika. Alipofika juu alizima injini, akakaa kwenye tandiko. Hakuwa amepanda pikipiki tangu Februari ile. Alipoona mtu anakuja kwa mbali aliiwasha akateremka.

Aliipeleka kwa Theodory siku hiyohiyo, kabla hajapoteza nguvu ya kufanya hivyo. Theodory hakuwepo, alikuwa mashineni. Luciana alikuwa uani akianua nguo. Coleta alikuwa amelazwa kwenye mkeka, ameegemezwa kwenye mto wa magunia, miguu yake myembamba imepishana. Aliposikia mlio wa pikipiki aligeuza kichwa kwa taabu, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mtoto huyo alikuwa anapenda kila kitu kinachonguruma. Alphonce alizima injini haraka, na tabasamu likabaki kidogo, kisha likaondoka.

"Hodi hapa," alisema.

"Karibu," Luciana alijibu. Hakumwamkia, na alikuwa hajawahi kutomwamkia.

"Nimeleta pikipiki. Imepona. Ilikuwa imezibwa na panya kwenye ekzosi. Ringi ziko salama." Akatoa ufunguo, akauweka juu ya tandiko. "Sitaki maharage. Chukueni tu, ni ya mtoto."

Luciana alikunja shuka alilokuwa nalo, akalikunja tena mpaka likawa dogo, akaliweka juu ya zingine.

"Hapana," alisema. "Maharage tutakupa, kama mlivyopatana. Magunia yote."

"Mama Coleta, siwezi kuyapokea."

"Utayapokea. Ukitupa bure utalala vizuri. Utasema, nilikosa lakini nikawapa pikipiki. Mimi sitaki ulale vizuri kwa pikipiki." Hakuwa amepandisha sauti. "Kwenye ule mkokoteni nilikuwa nasikiliza. Njia nzima. Nilijua pikipiki mbovu huwa inatengenezeka, nilikuwa nawaza labda mzee ataigonga kidogo iwake, atatufuata. Mpaka pale mtoni nilikuwa bado nasikiliza."

Alphonce alisimama akiwa amevua kofia. Alitaka kusema samahani na alishaisema kimoyomoyo mara nyingi mno, ilikuwa imechakaa.

"Nimekosa," alisema. "Nilikuwa naweza kuja, na sikuja."

"Ndiyo," Luciana alisema. "Sasa nenda, baba. Nataka kumlisha mtoto."

Aliondoka kwa miguu.

Theodory aliichukua pikipiki. Wiki hiyo hiyo watu waliwaona wakipita kwenda hospitali, yeye mbele, Luciana nyuma, Coleta katikati amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa baba yake, kichwa chake kimeegemea pembeni. Ikawa hivyo kila Jumanne na Ijumaa. Barabara yao inapita mbele ya kwa Alphonce. Mara za kwanza, alipousikia mlio aliingia ndani. Kristiana alimwona, akamwambia kama anaingia ndani basi abaki huko siku zote, na kuanzia hapo akawa anakaa nje. Alikuwa anainua mkono. Theodory alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa namna dereva anavyomwitikia mtu yeyote wa njiani. Luciana hakuwa anageuka.

Mvua zikanyesha, watu wakalima, Theodory akalima kwa maksai wake wawili. Baada ya mavuno alikuja na mkokoteni, akashusha magunia ya maharage uani, akayahesabu kwa sauti, akaondoka. Yalikuwa maharage mazuri, yamepepetwa vizuri. Alphonce na Kristiana hawakujua wayafanyeje. Mwishowe waliyala, kama watu wengine wanavyokula maharage, na kila yalipochemka Alphonce alikuwa na jambo la kwenda kufanya nje.

Alifikiri ndiyo mwisho wao. Lakini jioni moja ya Juni, baridi imeanza kuuma, Theodory alisimamisha pikipiki nje ya ua. Hakushuka. Coleta hakuwa naye.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," Alphonce alijibu, akasimama.

"Klachi inateleza nikiwa na mzigo. Nimekaza waya mpaka mwisho. Wewe ulikuwa unaipa oili gani?"

Alphonce alimwambia. Akamwambia pia kwamba oili nyepesi haiifai klachi ile wakati wa baridi, na kwamba kuna skrubu nyingine chini ya kifuniko cha upande wa kulia ambayo watu wengi hawaijui, ikilegezwa robo tu waya unapata nafasi. Theodory alisikiliza akiwa ameinamia injini.

"Kulia," alisema.

"Kulia. Chini ya kile kifuniko kidogo."

"Sawa."

Alphonce alitaka kuuliza habari za mtoto. Theodory alikuwa ameweka mguu kwenye kiki, lakini hakuisukuma bado.

"Juzi alikaa," alisema, akiwa anatazama taa ya pikipiki. "Si muda mrefu. Mama yake alimwachia, akakaa mwenyewe, halafu akaanguka upande."

"Ashukuriwe Mungu," Alphonce alisema.

Theodory alipiga kiki, pikipiki ikawaka kwa mara moja, naye akaondoka kuelekea kwake. Alphonce aliingia jikoni kumwambia Kristiana, akamkuta amesimama karibu na dirisha, ameshasikia.